Kitako cha Bunduki na Mikono ya Karani

Wengi wetu tunaopata riziki kwa kalamu hudhani ya kuwa kitako cha bunduki ni kipande cha mti cha kushikia tu, kama mpini wa ufagio. Anayetengeneza kimoja kwa mikono yake haendelei kufikiri hivyo. Mimi nilikitengeneza changu mwaka 2023, nikiwa na umri wa miaka 36, na kabla ya hapo sikuwa nimepiga randa hata ubao mmoja.

Kwanza nieleze habari ya bunduki yenyewe, maana jambo hili lisiposemwa wazi huenda mtu akaniwazia mabaya. Katika mtaa wetu hapa Nyeri kuna chama kidogo cha askari wastaafu pamoja na watoto na wajukuu wa wale waliokuwa katika jeshi la King's African Rifles, yaani KAR. Ukutani mwa chumba chao huning'inia bunduki ya zamani ya Lee-Enfield. Mtutu wake ulizibwa kwa chuma na kulehemewa zamani, mtambo wake ukaondolewa, na polisi wanayo habari yake kwa maandishi. Haiwezi kulia tena. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haina mchezo na mtu ashikaye bunduki bila cheti, wala simshauri msomaji yeyote aliyeokota chuma cha namna hiyo shambani akifanyie useremala. Akipeleke kituo cha polisi.

Basi, mchwa walipanda ukutani wakati wa mvua. Waliacha chuma na shaba wakala mti, na kitako kizima kikabaki ganda jembamba kama la yai. Wanachama walitaka bunduki iwe nzima kabla ya Jumapili ya ukumbusho mwezi wa Novemba, siku ambapo maua huwekwa katika makaburi ya vita. Wakaenda kwa baba yangu, kwa kuwa baba alikuwa seremala wa mtaa huo kwa zaidi ya miaka 40.

Lakini baba sasa ana miaka 77. Macho yake yameingia ukungu, na mkono wake wa kulia hutetemeka hata akishika kikombe cha chai. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia, "Kazi nimeikubali. Kijana ataifanya." Kijana aliyemtaja nilikuwa mimi, niliyekuwa nimeketi pembeni nikisoma gazeti.

Hapana budi nieleze kwa nini jambo hili lilinishtua. Nilipokuwa mtoto baba hakunikubalia kugusa sanduku lake la vyombo. Vyombo vile ndivyo vilivyonilipia karo ya shule ya misheni, na kila niliposhika patasi alininyang'anya na kunielekeza kwenye vitabu. Alisema nyumba moja haihitaji maseremala wawili, inahitaji mmoja atakayesoma barua za serikali. Hivyo nilisoma, nikawa karani, na barua za serikali ninazisoma mpaka leo. Ile kazi ya mikono ilibaki kwake peke yake, na kila mwaka niliona inapungua, jinsi macho yalivyopungua. Sikuwa nimewahi kumwambia kwamba jambo hilo linanisumbua.

Tulianza na mti. Viwanda vya Uingereza vilipenda mti wa jozi kwa bunduki hizi, kwa sababu ni mwepesi kwa kiasi, haupindi ovyo, na hustahimili kishindo bila kupasuka. Jozi zilipopungua walitumia miti mingine ya kwao, na Australia nayo ikatumia miti ya Australia. Baba alisema kama watu wa Australia waliweza, watu wa Mlima Kenya hawashindwi. Mimi nilipendekeza mwerezi, maana unanukia vizuri na ni rahisi kukatwa. Alicheka sana. "Huo ndio uliotengenezewa penseli zenu," akasema. "Hupasuka kwa mstari mmoja kama kuni. Utapiga bolti, nao utafunguka kama kitabu." Mutamaiyo, yaani mzeituni wa mwitu, aliukataa pia, kwa kuwa ni mzito na mgumu mno kwa mwanafunzi. Alichagua muhuru, mti ambao wauza mbao huuita Meru oak. Alikuwa na kipande chake darini, juu ya meko, kilichokauka kwa moshi tangu sijaoa. Mti mbichi, alisema, hutaka karibu mwaka mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene, na mwenye haraka hukaushiwa na jua mpaka mti ukapasuka.

Nilichora umbo la kitako juu ya jalada la faili kuukuu, nikilifuata lile ganda walilobakiza mchwa, kisha nikalikata kwa mkasi na kuliweka juu ya ubao. Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo halionekani kwa mtazamaji. Kitako kina shingo, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio, na shingo ndiyo nyembamba kuliko mahali pengine pote. Nyuzi za mti zikipita shingoni kwa kukatiza, siku moja kitavunjika hapo, hata kama mti ni mzuri. Nyuzi lazima zifuate shingo kwa urefu wake. Baba hakuziona nyuzi. Alilowesha kidole, akakipitisha juu ya ubao mara tatu, akageuza jalada langu kidogo upande wa kushoto, akaliacha. Niliangalia kwa macho yangu mazima, nikakuta ameliweka sawasawa kabisa.

Wale waliounda Lee-Enfield walifanya jambo la akili. Mti wake hauko kipande kimoja. Kitako ni mbali na mti wa mbele unaobeba mtutu, nacho hushikwa na bolti moja ndefu ipitayo ndani kwa ndani mpaka kwenye kikombe cha chuma kilicho nyuma ya mtambo. Kwa hiyo kitako kikivunjika hubadilishwa peke yake. Tena vilitengenezwa kwa urefu mbalimbali, kifupi, cha kawaida na kirefu, vikipishana nusu inchi, ili askari mfupi na askari mrefu kila mmoja apate kimfaacho. Tundu la bolti lina kazi nyingine pia. Upande wa nyuma ni pana, na ndani yake askari aliweka kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu, kisha akafunga kijilango cha shaba.

Tundu hilo ndilo lililoninyima usingizi. Utatoboaje ubao kwa urefu wake, zaidi ya inchi 12, na utokee katikati upande wa pili? Baba alijibu kwa maneno machache: toboa kwanza, chonga baadaye. Ubao ukiwa bado wa pembe nne ni rahisi kuubana katika jiliwa na kupima pande zote kwa guni. Ukishauchonga umbo la kitako, hakuna tena upande ulionyoka wa kupimia. Na tundu likienda kombo kidogo, si neno, maana umbo lenyewe utalizungushia tundu. Mhunzi wa sokoni aliunga fimbo ya chuma kwenye msumari wa keekee ili ufike mbali. Jumamosi hiyo mke wangu alisimama kando na binti yangu akasimama nyuma, mmoja akiangalia kama keekee inainama, mwingine kama inakwenda upande. Walinipigia kelele mchana kutwa. Ilipotokea upande wa pili, ilikuwa imeachana na alama yangu kwa milimita 2 tu. Baba alitia kidole tunduni, akasema, "Hm." Kwa wale wasiomjua, hiyo ni sifa kubwa.

Jirani yetu mmoja alikuja wakati tunachonga. Ni mtu mzima, na baba yake aliwekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, iliyoanza Oktoba 1952 na kwisha Januari 1960. Aliitazama ile kazi, akauliza kwa nini tunaipa bunduki ya wakoloni mguu mpya. Hapa kwetu hilo si swali la kupuuzwa. Wapiganaji wa msituni nao walijitengenezea bunduki kwa mbao na mabomba ya maji, na vitako vyake vilichongwa na watu waliojua kazi hii hii. Nilimkumbusha habari za Waruhiu Itote, aliyekwenda Burma pamoja na KAR katika vita vya pili vya dunia, kisha akawa Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mlima Kenya, mpaka alipokamatwa Januari 1954. Mtu yule yule mmoja alibeba bunduki za pande zote mbili. Jirani alisema hilo analijua, na halibadilishi yaliyompata baba yake. Alisema kweli, wala sikuwa na jibu. Baba, ambaye alikuwa mtoto wa miaka 8 watu walipokusanywa katika vijiji vya lazima mwaka 1954, alimsogezea kigoda tu. Jirani aliketi, na baada ya kitambo akanishikia ubao upande wa pili, kwa kuwa niliubana vibaya machoni pake.

Kazi ya mwisho ilikuwa ulimi wa mbele, unaoingia katika kile kikombe cha chuma. Ulimi huo lazima uguse chuma pande zote. Ukigusa upande mmoja tu, kitako hucheza, na katika bunduki inayopigwa kila kishindo kitaugonga mti mahali pale pale mpaka upasuke. Baba aliniagiza masizi ya taa. Nilipaka masizi ndani ya kikombe, nikausukuma ulimi, nikautoa. Palipokuwa peusi ndipo palipogusa, nikapakwangua kidogo kwa patasi. Kisha masizi tena. Wino wa ofisini haujapata kunichafua kama masizi yale. Mara ya kwanza ulitoka na doa moja jeusi juu, na ilichukua Jumamosi mbili mpaka ulimi ulipotoka mweusi kote, bila doa jeupe hata moja.

Kupiga tupa na msasa sitakueleza sana, ni jasho tu. Ila jifunze hili: baada ya msasa, pangusa mti kwa kitambaa kibichi na uuache ukauke. Vinyweleo vitasimama kama ndevu za juzi, ndipo upige msasa tena. Kisha mafuta ya kitani, kila siku kwa juma moja, kila juma kwa mwezi mmoja, na kila mwezi kwa mwaka mmoja. Vitambaa vya mafuta hayo usivirundike pembeni. Hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka moto bila kiberiti, kwa hiyo vianike nje kimoja kimoja.

Wenzangu ofisini waliona mikono yangu, wakaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Mmoja alisema kitako kama hicho hununuliwa ng'ambo, nami sikubishana naye.

Alhamisi kabla ya siku ya ukumbusho tulikaza bolti kwa bisibisi ndefu. Baba aliomba bunduki, akaiweka begani akiwa ameketi, uzito wake kilo 4 hivi, na kwa mara ya kwanza katika miezi ile sikuona mkono wake ukitetemeka, labda kwa kuwa ulikuwa na kitu cha kuegemea. Alipapasa shingo, akarudi nyuma mpaka kwenye bamba la shaba, akakuta mahali ambapo mti ulizidi shaba kwa unene wa karatasi. Akanionyesha kwa ukucha. Nilipaondoa palepale kwa tupa, naye akapapasa tena, akanyamaza.

Kisha akalisukuma lile sanduku la vyombo kwa mguu mpaka miguuni pangu. "Kiti cha mama yako cha jikoni," akasema, "mguu mmoja unacheza tangu Pasaka. Njoo Jumamosi, mapema, kabla jua halijawa kali."