Kutoka Mkula Hadi Sirari: Sikukuu ya Jirani Yetu Kenya

Msomaji mpenzi, kila mwaka tarehe 9 Desemba twaadhimisha uhuru wetu. Siku tatu tu baadaye, tarehe 12, jirani zetu wa Kenya nao huadhimisha wa kwao. Hapa Mkula siku hizo mbili hutukuta na jembe mkononi, maana mvua zimeanza na shamba la pamba halingoji mtu. Siku yetu twaikumbuka; siku ya jirani hupita kama siku nyingine yoyote. Lakini nyumbani kwetu desturi haiko hivyo. Jirani akiwa na harusi, hatumwachii ngoma aicheze peke yake. Basi leo nakuomba tufuatane safari fupi ya kwenda kumwona jirani huyo, tupate kujua kwa nini furaha yake yatuhusu.

Ukitoka Mkula ukafika Lamadi, utaikuta barabara kuu itokayo Mwanza. Ishike kuelekea kaskazini. Mkono wa kushoto ziwa haliko mbali. Mkono wa kulia utaona lango la Ndabaka, mlango wa Hifadhi ya Serengeti upande wetu wa magharibi. Utapita Bunda, kisha Kiabakari. Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, haiko mbali na njia hiyo. Mbele zaidi utafika daraja la Kirumi, na chini yake ni mto Mara.

Hapo ukipata nafasi simama kidogo utazame maji. Mto ule unaanzia katika milima ya Mau, nchini Kenya, unapita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, na kuishia katika ziwa letu. Maji yale hayakuonyesha pasi mahali popote. Nyumbu nao huvuka mpaka kila mwaka wakifuata majani, kisha hurudi. Wakenya wakikata misitu ya Mau ovyo, sisi huku chini twaona mto ukipungua. Sisi tukiharibu ziwa, wao watakosa samaki. Ndiyo maana nchi zetu mbili zimeiweka tarehe 15 Septemba kuwa Siku ya Mara, ya kukumbushana kuutunza mto huo kwa pamoja.

Baada ya Kirumi utafika Tarime, na mwisho Sirari. Ng'ambo ya mpaka ni Isebania, mji wa Kenya. Mgeni hufikiri kwamba hapo watu watabadilika. La! Wakurya wako huku na huko, Wajaluo kadhalika. Ugali ni ule ule. Dagaa wetu wao huwaita omena, lakini sufuria haijui tofauti. Mstari ule ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakiwa Ulaya, na hakuna Mkurya aliyeulizwa kama ng'ombe wake wabaki upande gani.

Sasa tuiangalie sikukuu yenyewe. Sisi Tanganyika tulipata uhuru mwaka 1961 bila vita. Wenzetu njia yao ilikuwa ya miiba. Ardhi yao nzuri ya nyanda za juu walitengewa walowezi wa Kizungu. Watu walipochoka, yakatokea mapambano ya Mau Mau, na mwezi Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Maelfu walikufa, na wengine wengi walitiwa kambini. Jomo Kenyatta alikamatwa mwezi huo huo, na hakuwa huru hadi Agosti 1961. Hata hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, mjini Nairobi, bendera ya Mwingereza ilishushwa na ya Kenya ikapandishwa. Bendera nyingine ilipandishwa juu ya Mlima Kenya na mpanda milima Kisoi Munyao. Nasi miaka miwili kabla yake tulikuwa tumewasha mwenge juu ya Kilimanjaro, mkononi mwa Luteni Alexander Nyirenda. Milima miwili mikubwa kuliko yote ya Afrika ilitoa habari moja. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, Kenya ikawa jamhuri. Ndiyo sababu siku hiyo yaitwa Jamhuri.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo hayo yalikuwa mbali nasi. Mwezi Septemba 1958 wajumbe wa vyama vya kupigania uhuru kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na Nyasaland walikutana Mwanza, mji wetu hapa hapa, wakaunda umoja wa kusaidiana ulioitwa PAFMECA. Mwaka 1960 Mwalimu alisema yu tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki zipate uhuru pamoja na kuungana. Hebu fikiri: mtu mwenye njaa, chakula ki mezani, anasema atawangoja ndugu zake! Mwezi Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza huko Nairobi nia ya kufanya shirikisho. Shirikisho halikupatikana, lakini mwaka 1967 ilianzishwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli, bandari, ndege na posta zikawa za wote watatu.

Lakini vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Siasa za nchi zikatofautiana, mapato yakagombaniwa, viongozi wakaacha kukutana. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege likavunjika, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mwaka huo huo Jumuiya ikafa. Mpaka ulikaa umefungwa hadi mwaka 1983, yaani zaidi ya miaka sita. Fikiri maana yake kwa mtu wa Sirari. Shangazi yu ng'ambo, na msiba ukitokea, njia ya halali ya kwenda kuzika haipo. Mfanyabiashara mwaminifu anafunga duka. Mwenye magendo anatajirika. Wakubwa wakinuniana, mdogo ndiye alalaye na njaa.

Ilichukua muda mrefu kuliponya donda hilo. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam asubuhi moja. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Dar es Salaam 11. Siku ile tulilia pamoja. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba 1999, Marais Mkapa, Moi na Museveni walitia sahihi huko Arusha mkataba wa Jumuiya mpya, nao ukaanza kazi Julai 2000. Leo Jumuiya hiyo ina nchi nane.

Je, ugomvi umekwisha kabisa? Hapana. Mwaka 2017 serikali yetu ilinadi ng'ombe zaidi ya 1,300 wa Wamasai wa Kenya walioingia kuchunga kwetu, na huko Namanga ikachoma vifaranga 6,400 vilivyoletwa kutoka Kenya. Wenzetu waliumia sana, na mfugaji wa Kisukuma anajua uchungu wa kupoteza ng'ombe. Lakini safari hii watu hawakunyamaziana kwa miaka sita. Mwezi Mei 2021 Rais Samia alikwenda Nairobi akahutubia Bunge lao, na Desemba ile ile Rais Uhuru Kenyatta alikuja Dar es Salaam kusimama nasi tulipotimiza miaka 60 ya uhuru. Hivyo ndivyo jirani wanavyoelewana: hawakosi kugombana, ila hawaachi kutembeleana.

Basi, wazazi, yafaa tufanye nini sisi wa vijijini? Kwanza, tarehe 12 Desemba tuwasimulie watoto habari za Kenya, wajue kwamba uhuru wa jirani ulinunuliwa kwa damu. Pili, mnunuzi wa Kikenya akija sokoni kwetu, tusimpandishie bei kwa sababu ya matamshi yake; tumpimie kwa kipimo kile kile tunachompimia mtu wa Bariadi. Tatu, tukisikia maneno ya matusi juu ya nchi hiyo, redioni au katika simu, tusiyabebe kuyapeleka kwa wengine. Mipaka hufungwa na serikali, lakini maneno mabaya huwa yametangulia kuifunga mioyo.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tukipatwa na njaa au ugonjwa, wa kwanza kusikia kilio chetu ni jirani. Tumtakie heri katika sikukuu yake.