Bibi au Pembe?

Niwieni radhi, nimepotea hapa siku nyingi. Tulikuwa na msiba. Bibi yangu ametangulia mbele ya haki, na kufungua sanduku lake tumekuta daftari la marehemu babu la mwaka 1961. Madeni. Na deni la maiti mnalijua lilivyo zito.

Limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi mwenye digrii, ninayekula kwa kalamu, nikajiona mjinga. Herufi nazijua, nimesoma chuoni hapahapa Malindi. Tarakimu pia nazisoma: shilingi 40. Lakini nani anadai?

Jina lenyewe ni be, ye, be, ye. Wazee waliandika b, p na mb kwa be hiyohiyo, na i na e wakazichanganya. Kwa hiyo ni "Bibi", au ni "Pembe". (Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa alibuni alama za kuzitenganisha sauti hizi, lakini babu hakujihangaisha nazo.) Ami anasema ni Bibi, mambo ya mke na mume, tufunge daftari. Shangazi anamkumbuka mvuvi wa Kizimkazi, Mzee Pembe, aliyekuwa akimkopesha babu samaki.

Jumamosi nikapanda daladala kwenda Kizimkazi. Msikitini pale Dimbani kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa ukutani, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Miaka mia tisa, na bado yanasomeka! Ni Kiarabu, na Kiarabu hakijakosa wasomaji. Hata ogham, vile vistari ambavyo watu wa Ireland walivichonga kwenye kingo za mawe zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, inasomeka. Mara nyingi ni jina tu, fulani mwana wa fulani. Waandishi wao wa baadaye waliandika ufunguo wake vitabuni, kama Kitabu cha Ballymote cha mwishoni mwa karne ya 14.

Ufunguo wetu sisi alikuwa nao bibi. Nimekaa naye nyumba moja miaka ishirini na kitu, namuuliza chakula kiko wapi.

Kizimkazi mzee mmoja akaniambia akina Pembe walikuwa wawili, wote marehemu. Binti wa mmoja wao yuko Makunduchi. Nakwenda Jumamosi hii. Ami anacheka, eti shilingi 40 za 1961! Shangazi ameshatia elfu hamsini kwenye bahasha.