Meli Iliyokuja kwa Garimoshi

Mwaka jana nilichekwa darasani hadi nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Tulikuwa katika somo la Jiografia, mada ikiwa usafiri wa majini. Mwalimu akauliza ni nani anayejua lolote kuhusu bandari ya Kisumu. Mimi, mzaliwa wa Kondele, nikainua mkono juu juu na kusema, "Babu yangu aliunda meli ya Victoria!"

Mwenzangu mmoja akadakia, "Wacha uwongo, bwana! Victoria iliundwa Uskoti." Darasa zima likaangua kicheko.

Likizo ilipofika nilimwendea Babu nikiwa na donge kooni. "Babu, mbona ulinidanganya?" Hakukasirika. Alivuta kiti chake kivulini akasema, "Keti, mjukuu wangu. Huyo rafiki yako amesema kweli, lakini ni nusu."

Akanichorea ziwa mchangani kwa bakora yake. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari. Mto Nile hutoka humo kule Jinja, lakini njiani una maporomoko, kwa hivyo meli ya baharini haiwezi kupanda hadi huku. "Sasa niambie," akauliza, "meli kubwa itaingiaje ziwani?" Nikabaki kimya. "Basi lazima izaliwe ufuoni!"

Ndivyo Kisumu ulivyopata kazi yake. Mji umekaa kwenye Ghuba ya Winam, penye maji matulivu kuliko ziwani wazi. Vipande vya meli William Mackinnon vilianza safari kabla reli haijafika, vikabebwa na wapagazi, nayo ikaelea mwaka wa 1900. Desemba 1901 reli ikawasili kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, na mji ukaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandikaji reli. Tangu hapo, jamani, meli zikawa zinakuja kwa garimoshi! Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga na Rusinga, zote zililetwa vipande vipande kutoka Uingereza zikaunganishwa papo hapo.

Victoria nayo ilitengenezwa na kampuni ya Yarrow kule Glasgow mwaka wa 1959, ikafunguliwa, ikaletwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka wa 1961. Babu alikuwa kijana wa miaka ishirini, hajui kusoma. "Kila kipande kilikuwa na namba yake," alisema. "Ukikosea moja tu, bamba halikai. Nilijifunza namba kwenye chuma kile kabla sijajua kuandika jina langu."

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, Victoria ikaangukia Tanzania. Babu akaacha kazi mwaka uo huo na hakukanyaga tena bandarini. Miaka ya tisini magugu maji yakaifunika ghuba, na bandari ikasinyaa. Alisema hakutaka kuona.

Nilimbembeleza siku tatu. Ya nne tukapanda matatu hadi ufuoni. Pale ilikuwa imeegeshwa Uhuru II, meli ya mita 100 hivi iliyoundwa papo hapo Kisumu. Babu aliishika seng'enge akaitazama kwa muda mrefu.

"Ni kubwa kuliko Victoria yetu," akasema. "Nani alisoma namba?"

"Vijana wetu, Babu, wakisaidiwa na kampuni ya Damen ya Uholanzi."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Hata sisi tulisaidiwa!"

Niliporudi shuleni nilimtafuta yule mwenzangu. Nikamwambia, "Ulisema kweli. Babu hakuunda Victoria peke yake. Lakini bila mikono kama yake, ingebaki rundo la vyuma kwenye mabehewa." Hakucheka. Aliuliza kama anaweza kuja kumwona Babu likizo ijayo.

Wahenga hawakukosea: kidole kimoja hakivunji chawa. Nawe msomaji, kabla hujamcheka mzee, muulize kwanza alishika kipande namba gani.