Safari ya Ukambani: Bustani Iliyosimama

Tuliondoka Mombasa baada ya swala ya alfajiri, tukafika Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, jua likiwa limekwisha panda. Hapo tuliiacha barabara kuu ya Nairobi, tukashika njia ya Kitui inayovuka mto Athi. Ni nchi ya mibuyu, miiba na vumbi jekundu, na vijito vingi tulivyopita havikuwa na tone la maji. Swali tulilolibeba lilikuwa la jikoni: mama akaaye ghorofani, asiye na ua wala kiunga, tena anunuaye maji kwa mtungi, aweza kujilimia mboga?

Mwenyeji wetu alituonyesha mto kwanza. Katika kaunti hizi mbili wanavijiji wamejenga kuta za mawe na saruji kukinga mito ya msimu. Huko Kitui shirika la SASOL limekuwa likiwasaidia tangu miaka ya 1990, na kuta sasa ni mamia. Mvua ikinyesha, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie. Alifukua kwa kata kiasi cha dhiraa moja, maji yakachuruzika, safi. Ndipo tulipofahamu kwa nini Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015: lori lichukualo mchanga wa kujengea majumba ya mjini huondoka na kisima cha watu.

Kisha akatuingiza uani. Gunia la udongo uliochanganywa na samadi limesimama wima, na katikati yake, toka chini hadi juu, umepita mshipa wa kokoto. Mshipa huo hufanywa kwa kopo lisilo na kitako: hutiwa kokoto, udongo ukazungushiwa, kopo likavutwa juu kidogo, vivyo hivyo mpaka gunia lijae. Sukuma wiki na mchicha huota katika matundu ya ubavuni, vitunguu juu. Maji humiminwa katika kokoto, yakafika kila mzizi. Kibera nako, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités la Ufaransa liliueneza ukulima huu mwaka 2008.

Sisi tulipojaribu roshani hatukutia kokoto. Juu pakaoza, chini pakakauka, nasi tukailaumu mbegu! Mwenyeji wetu alituonya na jingine: gunia lililolowa ni zito mno, basi juu ya nyumba liwekwe pale ukuta unapolibeba, si katikati ya dari.

Tukamuuliza maji huyatoa wapi wakati wa kiangazi. Akasema ni yale aliyokwisha oshea mboga.

Adhuhuri ikaingia. Tulitawadha kwa zamu, maji yakiangukia katika beseni. Hatujajifuta nyuso, alilichukua beseni akalimimina katika kokoto.