Turubai la kuanikia mpunga lampeleka mama Mikumi

Msomaji wangu, kuna watu ukiwagusia habari ya kwenda kupiga kambi mbugani wanakujibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Ukiwabana waseme sababu, hawataji simba wala nyoka. Wanataja pesa. Na ukizidi kuwabana unakuta pesa yenyewe si ya kiingilio, maana Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kidogo ukilinganisha na dola anazotoa mgeni. Kinachowatisha ni vikorokoro: hema, viti vya kukunja, na siku hizi lile turubai la kisasa linalofungwa ubavuni mwa gari. Unavuta tu, linakunjuka kama mkeka, wenyewe mnajipumzisha kivulini na chai yenu.

Hilo turubai la ubavuni ndilo nataka tulizungumze leo. Huko madukani ng'ambo, la kawaida tu linakwenda dola mia mbili na zaidi, bado hujalipa usafiri na ushuru. Kwa mtu wa kima changu hiyo ni ada ya mtoto. Basi wengi wakisikia hivyo wanaona safari imekufa. Mimi nasema haijafa. Kivuli cha gari hakina haja ya mapene ya kigeni. Sisi watu wa Rudewa tunacho uani.

Kwa wasiopajua, Rudewa ipo wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa mjini. Ni nchi ya mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa hapa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, aliyenunua miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu! Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba, na mashamba ndiyo yaliyomweka mama yangu juani.

Mama alikuwa kibarua wa kuanika katani. Usidhani ni kazi laini. Pale kwenye kamba za kuanikia hapatakiwi kivuli hata cha mti mmoja, maana kivuli kinachelewesha katani kukauka. Kwa hiyo kilicho kizuri kwa katani ndicho kibaya kwa mwanadamu, na mama alishinda hapo miaka na miaka, mtoto mgongoni, kanga kichwani. Siku nilipomwambia twende Mikumi tukalale usiku mmoja tuone wanyama, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "jua limeniunguza maisha yangu yote nikilipwa. Leo nilipe mimi ili liniunguze tena?"

Nikakosa la kujibu. Lakini roho iliniuma. Mama kavuka miaka sabini. Mikumi ni wilaya yetu hiyo hiyo ya Kilosa, na hifadhi yenyewe ipo tangu mwaka 1964. Yeye ameiona kwa dirisha la basi tu, akienda Iringa kwa dada. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kilomita kama 50 hivi, na basi haliruhusiwi kusimama ili mtu atazame. Anachokumbuka mama ni mgongo wa tembo, basi. Wageni wanapanda ndege kutoka kwao kuja kumtazama tembo mzima, mwenye nyumba anaujua mgongo!

Halafu kulikuwa na suala la afya, na hili si la mzaha. Mama anatumia vidonge vya presha, na daktari alishamweleza kwamba vile vyake vinatoa maji mwilini, hivyo asikae kwenye joto kali na asiache kunywa maji. Kumwambia apumzike ndani ya gari lililosimama juani ni kumtafutia balaa. Gari lililofungwa vioo linaweza kupanda nyuzi 10 za joto ndani ya dakika 10 tu, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu. Wenye watoto wadogo lishikeni hilo. Kwa hiyo bila kivuli cha uhakika, safari ya mama haikuwepo.

Sasa sikiliza tulivyofanya. Shemeji alitupa pikapu yake kwa siku mbili, yenye keria ya bomba juu. Turubai lilikuwepo nyumbani: lile la kuanikia mpunga, mita nne kwa sita. Nguzo tuliomba shambani. Mkonge ukizeeka unatoa mlingoti mmoja mrefu wa maua, kisha unakufa. Mlingoti ule ukikauka unanyooka vizuri na ni mwepesi, mtoto anaweza kuubeba. Tukachukua miwili, tukaikata urefu wa kupita kichwa cha mtu. Kumbuka hifadhini hukati mti wala tawi, nguzo lazima utoke nazo nyumbani. Vigingi ni vipande vya nondo vya nusu mita, fundi wa kuchomelea alitukatia na kupinda vichwa. Kamba ni za katani, na mipira ya tyubu ya baiskeli kama ile ya kufungia mizigo. Pesa iliyonitoka kwa kivuli chote haikufika shilingi elfu 20.

Wakati tunapakia, jirani mmoja akaja mbio, kajifunga kanga kiunoni tayari kwa kulia. "Jamani, kafa nani?" Si unajua kwetu turubai likipandishwa kwenye gari ni msiba. Ikabidi mama mwenyewe atoe kichwa dirishani aonekane mzima.

Tukashika njia ya Kilosa hadi Mikumi, ile inayopita kijiji kinachoitwa Ulaya. Basi mama akatamba kwamba na yeye kafika Ulaya, tena bila pasi ya kusafiria.

Tulipofika kambini tulianza na jua kabla ya turubai. Ilikuwa Julai. Huku kwetu kusini ya ikweta, miezi ya Juni hadi Agosti jua la mchana linakaa upande wa kaskazini. Kwa hiyo tuliegesha gari likiwa limelala mashariki na magharibi, tukafunga turubai upande wa kusini, gari lenyewe likatusaidia kutoa kivuli. Ukienda Desemba geuza, maana jua litakuwa limehamia kusini. Na alasiri jua likianza kupenya kutoka magharibi, teremsha kanga au shuka upande huo, mambo yamekwisha.

Ukingo mmoja wa turubai tuliufunga kwenye keria kwa ile mipira. Mpira unafuata upepo ukivuma, turubai halichaniki. Ukingo wa pili ukakaa kwenye milingoti miwili, kila mlingoti na kamba mbili zilizotanuka kama miguu ya kuku, na nondo zikagongwa kwa kulalia nje. Pembe moja ilikuwa imeshachanika tundu lake. Dawa yake ni kutia kokoto ndani ya turubai, unalikunja kama pipi, unafunga kamba shingoni mwa kokoto. Halitoki hilo! Upande wa nje uwe chini kuliko wa garini, mvua ikija maji yateremke yasifanye bwawa juu ya vichwa vyenu.

Kuna siri moja wengi hawaijui. Turubai likipigwa na jua linapata moto lenyewe, na moto ule unawashukia mliokaa chini. Ndiyo maana baadhi ya Land Rover za zamani zilikuwa na paa la pili juu ya paa la kwanza, na katikati upepo unapita. Sisi tulitundika shuka jeupe chini ya turubai, tukaacha nafasi ya shubiri mbili. Tofauti yake utaisikia kwenye utosi.

Maonyo ni matatu. Kwanza, dereva akabidhi ufunguo kwa mtu mwingine, asije akasahau akaondoka na nyumba. Pili, kamba ya katani ikilowa umande inajikaza, kwa hiyo ilegeze kabla ya kulala, la sivyo asubuhi utakuta nguzo zimepinda. Tatu, matunda na mikate usiviache kivulini wala hemani. Nyani hawabishi hodi, na tembo akisikia harufu ya embe hana habari na kamba zako.

Mchana ule mama alikaa kwenye mkeka, mgongo kaegemeza tairi, chupa ya maji mkononi. Kundi la pundamilia lilikuwa likila nyasi kwa mbali, kisha wakaja twiga watatu wakipita polepole kama watu wanaotoka sokoni. Mama hakusema kitu kwa muda mrefu mpaka nikaogopa, nikamuuliza kama presha imepanda.

"Haijapanda," akanijibu. "Nahesabu tu. Turubai hili nimelikalia misiba mingapi? Leo ndiyo mara ya kwanza nalikalia hakuna anayelia."

Ndugu yangu, hapo ndipo penye tofauti na lile la dola mia mbili. Lile lina kazi moja, ukirudi mjini linakaa juu ya gari likisubiri likizo nyingine. Hili letu lilirudi Rudewa Jumapili jioni, na Jumatatu asubuhi lilikuwa limetandikwa uani, limejaa mpunga. Ukitaka kivuli cha bei nafuu usianzie dukani. Zunguka kwanza nyumbani uone ni kitu gani kina kazi mwaka mzima, ukiombe ruhusa ya siku mbili.

Na kama una mzazi aliyekula jua kwa ajili yako, usingoje mpaka hilo turubai lifungwe kwa shughuli ile nyingine. Mtoe mapema, aketi kivulini akiwa hai, atazame twiga. Haya, tuonane toleo lijalo.