Shida Ilikuwa Athi

Mlioniuliza kwenye kipindi kuhusu lile gari, haya. MGB yangu ni ya 1972. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa ya nyuma ilikuwa inapepesa nayo, na ya breki inafifia. Nikabadilisha balbu, fyuzi, hata swichi. Wiki tatu! Nilibakisha kidogo tu niagize nyaya mpya za gari zima.

Baba alikuwa amekaa gerejini na chai yake. Kabla sijazaliwa alikuwa fundi waya Mombasa. Huku Leicester amebeba maboksi ghalani miaka 28. Sikuwahi kumuuliza kitu cha umeme. Mimi si ndiye injinia, bwana.

“Umeme ukikosa njia ya kurudi, mwanangu, utapitia kwa jirani. Pima athi.”

Nikawasha taa. Ncha moja ya mita kwenye kishikio cha balbu, nyingine kwenye hasi ya betri. Ilitakiwa isome karibu sifuri. Ikasoma volti 4. Kumbe pale waya wa athi ulipofungwa kwenye bodi palikuwa na kutu. Baba akapapiga msasa mwenyewe mpaka chuma kikang’aa. Volti 0.1.

Jumamosi anarudi, na testa yake ya zamani. Honi bado ni bubu, na mara hii sijaigusa.