Kabla ya Kutia Sahihi

Mchungaji huishi sehemu kubwa ya maisha yake katika nyumba ya usharika. Anahamishwa, anafungasha, anaingia katika nyumba nyingine ambayo misumari ya picha za mwenzake bado imo ukutani. Silalamikii jambo hilo. Nimelala vizuri katika nyumba nne za namna hiyo. Lakini sasa nina miaka 46, na mara mbili nimewasaidia wajane wa wachungaji kuhamisha vitu vyao ili kumpisha mchungaji mpya. Mmoja wao alikuwa na kabati kubwa la mninga lisilo na mahali pa kwenda. Tuliliacha chini ya mwembe wa jirani, limefunikwa kwa turubai. Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba wakati wa kujenga umefika.

Kiwanja tunacho, nje kidogo ya mji wa Morogoro, na kimepimwa. Ramani ya nyumba ya vyumba vitatu ipo, kibali cha ujenzi kutoka halmashauri kipo, mkopo wa SACCOS umepitishwa. Imebaki sahihi. Katika siku hizi za mwisho nimeitafakari karatasi ya mkataba kuliko nilivyoitafakari ramani yenyewe, na ninaandika haya kwa kuwa najua washarika wengi wako hapo hapo nilipo, wameshika kalamu na hawajui waanzie wapi.

Wapo watu wema wanaoona vibaya kumwona mchungaji amekunja ramani kwapani. Kwao kujenga ni jambo la dunia. Martin Luther hakuona hivyo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku katika Sala ya Bwana, anaihesabu nyumba pamoja na chakula na mavazi, na hata majirani wema wamo. Basi nyumba tunaiomba kila Jumapili, hata kama hatujui kwamba tunaiomba. Na mtu akikumbuka mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka 14, yule anayepaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, nitamkumbusha tulichosisitiziwa chuoni: Yesu pale anafundisha habari ya kumfuata yeye, hafundishi ujenzi. Hata hivyo mfano ule uliwaingia wasikilizaji wake kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kuona msingi ulioachwa. Sisi tunaona nyumba zilizofika kwenye lenta na mipapai imeota sebuleni.

Fundi niliyempata ni mzee wa kanisa katika usharika wangu. Anaijua kazi, nimezunguka nyumba tano alizojenga na nimegonga kuta zake kwa kidole. Nilipomtajia mkataba wa maandishi alicheka kwa upole. "Mchungaji, ya nini kuandikiana? Sisi ni ndugu." Maneno hayo nimeyasikia katika kesi nyingi za washarika nilizoketi kusuluhisha, na karibu zote zilianza na undugu huo huo. Mmoja anakumbuka kwamba bei ilihusu na plasta, mwingine anakumbuka kwamba haikuhusu. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amehifadhi mazungumzo yale kwa namna inayomfaa.

Nilimjibu mzee wangu kwa Yeremia 32. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe yuko kifungoni katika ua wa walinzi, na anakuja Hanameli, mtoto wa ami yake, kumwuzia shamba la Anathothi. Kama kuna biashara iliyokuwa na haki ya kumalizwa kwa neno la mdomo, ni hiyo: ndugu kwa ndugu, nabii wa Bwana, na mji unakaribia kuanguka. Lakini Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi. Hati zinakuwa mbili, moja imefungwa na nyingine iko wazi, na Baruku anaagizwa kuziweka katika chombo cha udongo ili zidumu. Katika tendo lile zima la imani, sehemu kubwa ni makaratasi. Nakiri napenda sana kwamba Biblia haikuona aibu kutusimulia habari ya nakala mbili.

Mzee alikubali. Ila nilipoketi usiku kuandika vipengele ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitazamia. Nilikuwa nimedhani mkataba utanilinda mimi dhidi ya fundi. Nikajiuliza: nani anamlinda fundi dhidi yangu? Mimi ndiye ninayempa Chakula cha Bwana. Mimi ndiye mwenyekiti wa baraza la wazee analoketi. Nikichelewesha malipo ya jamvi kwa miezi miwili, atanidai wapi? Mlangoni mwa kanisa? Atanyamaza, atakopa kwa watu ili awalipe vijana wake, na Jumapili atanipa mkono kwa tabasamu. Deni la mchungaji ni gumu kudai kuliko deni la mtu mwingine yeyote mtaani.

Kwa hiyo mkataba una kipengele kinachosema kwamba nikichelewa siku saba baada ya hatua kukamilika, fundi ana haki ya kusimamisha kazi, na kusimamisha huko hakutahesabiwa kuwa kumvunjia heshima mchungaji. Mke wangu alisema sentensi hiyo ya mwisho si ya kisheria. Nimeiacha.

Kisha likaja suala la bei. Kabla ya kuongea na mzee nilikuwa nimeomba bei kwa fundi mwingine wa mjini nisiyemfahamu: ufundi tu, vifaa juu yangu, kuanzia msingi hadi lenta. Alitaka shilingi 6,800,000. Mzee wangu alitaka 4,900,000, na akaongeza kwa furaha, "Hiyo ni bei ya mchungaji." Ningeweza kushukuru na kutia sahihi siku ile ile. Tofauti ya 1,900,000 ni mbao nyingi za kupaulia.

Nilimwomba anifungulie hesabu. Kazi ni ya siku 60, mafundi wawili pamoja naye, na saidia fundi wanne. Fungu la mafundi lilikuwa karibu sawa na la yule wa mjini. Saidia fundi kila mmoja alipangiwa shilingi 7,000 kwa siku. Yule wa mjini aliwapangia 15,000. Zidisha mwenyewe: vijana wanne, siku 60, shilingi 8,000 pungufu kila siku. Ni 1,920,000. Punguzo lote alilopewa mchungaji lilitoka mifukoni mwa vijana wanne wanaobeba zege kwa karai, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kumchangia mchungaji wao.

Sisemi mzee ni mtu mbaya. Alinipunguzia kwa upendo, na alipunguza mahali ambapo sote tumezoea kupunguza. Lakini Yeremia yule yule mwenye nakala mbili, sura kumi nyuma, anamkemea mfalme Yehoyakimu aliyejijengea jumba pana, kuta za mierezi, rangi nyekundu, huku akiwatumikisha watu bila ujira. Anamkumbusha baba yake Yosia, aliyekula na kunywa kama watu wengine na bado akawatendea haki maskini. Nabii hapingi kuta. Anauliza ni jasho la nani lililomo ndani ya kuta, na ujira wake uko wapi. Luther naye, katika Katekisimo Kubwa, anapofafanua amri ya kutoiba, hawaishii wezi wanaovunja milango. Anamgusa fundi anayefanya kazi ovyo, na mtu yeyote anayempunja jirani yake katika kazi na biashara. Ni amri inayobana kotekote, mwenye nyumba na mwenye mwiko.

Nikamwomba mzee aniongezee bei. Sijawahi kumwona mtu akishangaa namna ile. Tulikubaliana 6,300,000, saidia fundi walipwe shilingi 13,000 kwa siku, kila Jumamosi, na orodha ya malipo niione. Hili la orodha halikumpendeza. Alisema vijana ni wake, mimi wananihusu nini. Tuliliongea kwa muda mrefu. Nilimweleza kwamba wanajenga nyumba nitakayolala mimi. Mwishoni alikubali, ingawa uso wake haukukubali sana. Mke wangu alichukua kalamu akafuta vigae kwenye bajeti yetu. Sakafu itakuwa ya saruji kwa miaka kadhaa, na wageni watatuvumilia.

Mambo ya ufundi tumeyaandika kwa namba, maana neno "imara" kila mtu ana maana yake. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 usitoe zaidi ya tofali 30 za inchi 6. Zege la lenta ni kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga, vinne vya kokoto, vikipimwa kwa ndoo wala si kwa macho. Zege na kuta zimwagiliwe maji siku saba. Wapo watakaosema mchungaji anajifanya mhandisi. Nawakumbusha Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa lilipoporomoka katikati ya Dar es Salaam likiwa linajengwa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Yesu alipoelezea wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kuwafanya wakosefu kuliko wenzao. Nasi tusithubutu. Ila kwa kuwa haturuhusiwi kuitafuta sababu katika dhambi za waliokufa, naona tumeachiwa kuitafuta katika nondo na saruji.

Kuna na shimo la maji taka. Sheria ya Musa, katika Kutoka 21, inamtaka mtu aliyechimba shimo bila kulifunika alipe mnyama wa jirani akitumbukia. Huku kwetu shimo huchimbwa mapema, mafundi huhamia kwenye kuta, mvua hunyesha, na shimo linakuwa bwawa mita chache kutoka njia ya watoto wa shule. Nimewahi kuzika mtoto wa namna hiyo, na sitaeleza zaidi. Katika mkataba wetu shimo litachimbwa mwisho, na kama litabaki wazi hata usiku mmoja, litawekewa mbao na uzio, kwa gharama yangu.

Malipo yatafuata hatua tatu: msingi, jamvi, lenta. Asilimia 5, yaani shilingi 315,000, nitaibakiza kwa miezi sita ili mvua zipite tuone nyufa. Hili nililiwazia sana, kwa kuwa kushikilia fedha ya mtu si jambo dogo. Nimeliacha, lakini tarehe ya kuilipa imeandikwa, na fedha hiyo itakaa katika akaunti ambayo sitaigusa.

Mke wangu atatia sahihi pamoja nami. Nikitangulia mimi, yeye ndiye atakayeingia katika nyumba hii na kabati lake. Mashahidi hawatatoka katika baraza la wazee, maana hao wote mimi ni mchungaji wao. Shahidi wa fundi ni mdogo wake. Wa kwetu ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye ni Mwislamu na hana sababu ya kunionea haya.

Nilimpelekea mzee rasimu akae nayo kwa wiki nzima. Aliirudisha akiwa ameongeza kwa kalamu ya bluu jambo moja tu: kwamba kama kazi yake itakuwa na kasoro, nimwambie kiwanjani, nisiigeuze kuwa mfano wa mahubiri. Nimekiandika. Ni kipengele cha 11.

Imebaki tarehe ya kuanza. Yeye anataka tuchimbe msingi kabla ya masika. Mimi nangoja kwanza fedha ya SACCOS iingie benki, maana sitaki achimbe kwa ahadi.